Breki za Gari la Bibi Martina

Mtu akikuletea kiatu cha breki kilicholoa oili akakuambia, “Fundi, kioshe tu kwa petroli, kitakauka,” mrudishie mkononi, kisha muulize kama ana watoto. Nimeshika viatu vya breki hapa Karatu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka vidole vilipokataa kukunjika, na sijaona hata kimoja kilichooshwa kikarudi kuwa kizima. Kukauka kinakauka. Hata kung’aa kinang’aa. Lakini ukikifikisha kwenye mteremko kikapata moto, ile oili iliyojificha ndani inaanza kutoka kama jasho, nawe uko juu unakanyaga pedali kama unakanyaga matope.

Ninyi wajukuu zangu mnaofunga pedi mpya kutoka kwenye boksi kabla chai haijapoa hamna habari ya taabu hiyo. Sisemi kwa wivu, nafurahi kwa kweli. Ila siku hizi wapo wanaotoa magari ya kale mabandani wakitaka yatembee tena, na naona mnayashika kama mnavyoshika magari ya watalii. Basi kaeni niwaambie habari za gari la Bibi Martina.

Kwanza mjue nilivyoingia gereji, maana wapo wanaodhani nilizaliwa na spana. Mume wangu Fabiano alikuwa dereva wa lori la vitunguu, kutwa kucha yuko njia ya Mang’ola. Baba yake, Mzee Tluway, alikuwa na gereji ya mabati kando ya barabara ya kupandia Ngorongoro. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula cha mchana. Vijana wake wa kazi wakakimbilia Arusha mmoja mmoja, na macho yake yakaanza kuchoka. Akawa anapapasa ribiti, vile vipini vya kubania viatu vya breki, mezani kama anayetafuta punje ya mtama. Siku moja nikaweka bakuli chini, nikamwokotea. Kesho yake nikaokota tena. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Tatizo lilikuwa heshima. Kwetu, wakati ule, mkamwana hakumsogelea baba mkwe ovyo, na baba mkwe hakumwamrisha mkamwana uso kwa uso. Sasa mtafanyaje kazi chini ya gari moja? Mzee alipata dawa yake. Alikuwa anaongea na jiriwa, kile chuma cha kubania vitu kilichofungwa kwenye meza.

“Jiriwa,” anasema, “kuna mtu ameona msasa wangu?”

Nami najibu hukohuko. “Jiriwa, mwambie baba uko chini ya mkebe wa grisi.”

Wateja walidhani tumerukwa na akili. Lakini nilijifunza breki zote kwa njia hiyo, kwa kumsikiliza mzee akiifundisha jiriwa.

Bibi Martina alikuwa mpishi kwenye shamba la mzungu kule Oldeani. Mzungu alipoondoka akamwachia gari lake dogo, la mgongo wa mviringo, la tangu kabla ya Uhuru. Bibi hakujua kuendesha. Alilifungia bandani, kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma kwa miaka na miaka. Baadaye akaanguka akiteka maji, nyonga ikaharibika, mguu mmoja ukakataa kabisa kukunjika. Ndipo likamjia wazo la gari.

Alikuja gereji kwa mkokoteni wa punda, amekaa juu ya gunia la maranda, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng’ombe.

“Tluway,” akasema, “dada yangu Fausta yuko Mang’ola, anaumwa tangu masika. Kwenye lori siwezi kupanda, nimejaribu, wanaume watano walinisukuma wakashindwa, wakabaki wanacheka. Punda atafia njiani. Lile gari la mzungu liko chini, naweza kuketi kwanza kisha nikavuta mguu. Nitengenezee.”

“Mama, gari lile limelala sana.”

“Hata mimi nimelala sana, na bado nimeamka.”

Fabiano ndiye aliyekuwa analeta salamu za Fausta kutoka bondeni. Jioni moja alirudi akasita mlangoni. Nikamwuliza kulikoni. Akasema Bibi Fausta amemtuma neno moja tu: “Mwambie Martina nimeacha kumngoja.” Hatukumfikishia. Tulimwambia tu kwamba dada yake anamsalimia, nasi tukaongeza mwendo wa kazi.

Injini haikutusumbua. Magari yale yalikuwa na injini ya kusamehe. Tulisafisha kabureta, tukabadilisha plagi, ikakohoa na kuwaka. Shida ilijitokeza tulipofungua ngoma, lile bakuli la chuma linalofunika breki, kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Ndani kulikuwa kweusi, kunanata, viatu vimeloa kama andazi lililozama kwenye mafuta. Upande wa kulia kulikuwa na unyevu kidogo.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanakimbilia kufuta. Usifute. Jiulize kwanza ni oili gani, maana kwenye ngoma kuna wezi wawili. Mmoja ni maji ya breki, yanayovuja kwenye silinda ndogo ya gurudumu. Mwingine ni oili ya difu, lile tumbo la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, inayotembea ndani ya ekseli mpaka kwenye gurudumu, na kinachoizuia ni sili, ile pete yenye mdomo wa mpira. Chukua tone kwa kijiti, lidondoshe kwenye kikombe cha maji. Likichanganyika na maji likapotea, hayo ni maji ya breki. Likielea juu kama mafuta kwenye mchuzi, hiyo ni ya difu. Na pua itakuambia pia, oili ya difu inanuka yai viza. Yetu ilielea, na ilinuka.

Jambo la pili, vumbi la breki. Sisi tulikuwa tunaipuliza ngoma kwa mdomo, vumbi linatuingia mpaka kifuani. Siku hizi tunajua lile vumbi la viatu vya kale ni sumu ya mapafu. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kitupe. Tulichokuwa tunakifanya sisi msikifanye. Namshukuru Mungu kwamba bado nina pumzi ya kuwaambia.

Basi, miaka ile vipuri havikuwapo. Ni miaka ile ya kupanga foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na petroli inapimwa kama dawa. Sili mpya Fabiano aliahidi kuitafuta Arusha. Lakini lainingi, ule ukanda mgumu unaogusa ngoma, hakuna aliyekuwa nao. Mzee akaamua kutumia dawa ya ujana wake. Akaviosha viatu kwa petroli, akavisugua kwa sabuni, kisha akaviwekea moto uani vikawaka kama vifuu.

Bibi Martina alikuwa ameketi pale kwenye kigoda. “Tluway! Petroli ya kwendea Mang’ola mnaogeshea viatu? Na sabuni juu yake? Mimi mwenyewe sijaona sabuni tangu Jumapili ya Matawi!”

“Jiriwa,” mzee akasema, “mwambie mama mwenye gari nimekaanga viatu tangu hajaolewa.”

Vilitoka vikavu, vya kijivu, vizuri kabisa kwa macho. Tukavifunga, tukaweka ile sili ya zamani baada ya kuikaza vizuri, tukatoka kulijaribu gari kwenye mteremko wa kushuka mtoni. Mzee kwenye usukani. Mimi nyuma, kwenye kiti cha kuku, kwa heshima. Bibi Martina alibaki kando ya barabara na kigoda chake akitutazama.

Mara ya kwanza breki ilishika. Mara ya pili ikashika nusu. Tulipofika katikati ya mteremko mzee akakanyaga, nikaona bega lake likishuka na gari lisipungue mwendo. Gurudumu la kulia likang’ang’ania, la kushoto likateleza tu, mkia wa gari ukaanza kwenda kivyake kuelekea korongoni.

“Elizabeti! Vuta hendibreki! Vuta!”

Nilijitupa katikati ya viti nikaivuta kwa mikono miwili. Mungu akatuelekeza upande wa pili. Tukavuka mtaro, tukaingia kwenye shamba la mbaazi, mbaazi zinatupiga kwenye kioo tap tap tap mpaka gari likachoka lenyewe na kusimama. Moshi mwembamba ulitoka gurudumu la kushoto, wenye harufu ya yai viza lililokaangwa.

Mzee alikaa akishika usukani. Kisha akageuka, akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

“Umeumia, mwanangu?”

“Sijaumia, baba.”

“Basi tushuke,” akasema. “Tushuke tukamwombe radhi mwenye mbaazi.”

Tangu siku hiyo jiriwa ikabaki kuwa chuma. Watu wazima wa ukoo walinung’unika kidogo, mzee akawaambia kwamba mtu aliyekuvutia hendibreki huwezi tena kuongea naye kupitia meza. Na Bibi Martina, alipotuona tunarudi tunasukuma gari lililojaa majani, alisema tu, “Nilikupa gari, Tluway, sikukupa jembe.” Lakini niliona ameshika rozari, na hakuwa anacheka.

Wiki iliyofuata Fabiano alirudi na sili mbili mpya kutoka Arusha, na kitu ambacho sikukitegemea: kipande cha ukanda wa lainingi, ule wa kufumwa, unaokunjika kama mkanda wa suruali. Alikipata kwa mwenye lori mmoja wa Mang’ola aliyekuwa amekitunza darini. Kilitosha viatu vya magurudumu mawili ya nyuma, tena kwa kukata kwa uangalifu. Pale ndipo nilipata hofu. Tukikiloweka hicho, hakuna kingine.

Mzee alitaka tufunge mara moja. Nikamwambia, “Baba, tufunge sili mpya, lakini viatu tuviache vile vibovu kwanza. Tuzunguke nalo tambarare, polepole, tuone kama panavuja. Sili ikishika, ndipo tuweke mpya.”

“Kama kumwonjesha mbwa kwanza,” akasema. “Haya.”

Tukazunguka nalo mjini asubuhi nzima, mwendo wa bibi harusi, watoto wanatukimbilia. Tuliporudi nikafungua ngoma. Imeloa. Oili mbichi, mpya, inateremka kwenye bamba la nyuma.

Wajukuu zangu, moyo ulinishuka. Mzee naye alikunja uso. “Umeweka sili kinyume,” akasema, si kwa ukali. “Mdomo unatakiwa utazame oili.”

“Nimeutazamisha oili, baba.”

“Fungua tuone.”

Tukaitoa. Mdomo ulikuwa unatazama ulikotakiwa. Haikuchanika, haikukunjamana. Tukapitisha kucha kwenye chuma inapokaa, hakuna mfereji. Tukakaa chini wote wawili. Bibi Martina hakuwapo siku ile, na nilishukuru.

Nikasema labda oili imejazwa kupita kiasi. Nikaingia chini ya gari kulegeza kizibo cha difu, cha pale pa kujazia. Kilipolegea kikatoa sauti, fssss, kama unavyofungua chupa ya soda, na oili ikanirukia shingoni.

Nikatulia pale chini. Kwa nini difu ipumue? Mahali penye upepo uliobanwa, oili ikipata moto inatanuka, hewa inatafuta pa kutokea, na ikikosa mlango inaisukuma oili ipite kwenye sili. Ungeweka sili ya dhahabu ingevuja.

“Baba,” nikaita, “hili difu linapumulia wapi?”

Nikaona miguu yake inapinda, kisha kichwa chake kikaja chini ya gari, miwani imemkalia upande. Akaanza kupapasa juu ya ekseli, kule juu mahali pasipoonekana, kwa vidole vyake vilivyozoea kutafuta ribiti.

“Kuna kikofia hapa,” akasema taratibu. “Kimefunikwa udongo.”

“Udongo wa barabarani?”

“Huu umefinyangwa.”

Ulikuwa umefinyangwa kweli. Nyigu, wale wanaojenga vyumba vya udongo ukutani, walikuta kijitundu kizuri cha kupumulia kwenye gari lililolala, wakajenga nyumba yao, wakaifunga vizuri na kuondoka. Miaka yote ile gari lilikuwa limezibwa pua. Niliutoa udongo kwa spoku ya baiskeli, nikakipuliza kile kijitundu mpaka hewa ikatokea upande wa pili. Mzee alilala pale chali chini ya gari akacheka mpaka machozi yakamwingia masikioni. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, oili shingoni, nikiwaza kile kipande cha lainingi kilichokuwa bado kikavu kwenye karatasi yake juu ya meza.

Tukarudia jaribio la viatu vibovu. Ngoma ikabaki kavu. Kavu! Mzee alipitisha kitambaa cheupe ndani akakiangalia juani, akanipa nikaangalia na mimi.

Kufunga lainingi ni kazi ya subira, na ninyi huenda msiifanye kamwe, lakini sikieni. Ng’oa ya zamani yote, kisafishe chuma cha kiatu mpaka ukione. Fanya kulia na kushoto pamoja, kwa ukanda mmoja, hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Magurudumu mawili yasiyolingana ni ndugu wawili wanaovutania shamba. Anza ribiti katikati, nenda ukitoka nje, ukibana kila mara ili lainingi isiache upenyo. Vichwa vya ribiti vizame chini ya uso, visije vikaikwaruza ngoma. Na mikono iwe safi. Usishike uso wa kiatu kwa mkono uliotoka kwenye grisi, utakuwa umeanza safari ya kurudi ulikotoka.

Tuliondoka kwenda Mang’ola asubuhi yenye ukungu. Bibi Martina alivaa kitenge cha sikukuu. Aliketi mbele, akauvuta mguu wake kwa mikono, akauweka sawa kama mtoto aliyelala. Mzee aliendesha. Mimi nilikaa nyuma na galoni la maji, spana na jiwe kubwa la kuzuia gurudumu. Mzee aliliona lile jiwe, akawasha gari.

Mnaijua njia ile. Zamani ilikuwa mawe matupu, inashuka kutoka kwenye baridi yetu mpaka kwenye joto la Ziwa Eyasi. Mzee aliweka gia ya pili, akaiacha injini ishikilie gari, na breki akaigusa kidogo kidogo. Hiyo nayo ishikeni. Breki si ya kukalia muda wote. Kila akigusa, mimi nasikiliza gurudumu la kushoto kama mama anayesikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa.

Kwenye kona kali kuliko zote, ng’ombe. Kundi zima, linavuka mbele yetu, mchungaji wa Kimang’ati nyuma yao na fimbo mabegani. Kushoto korongo, kulia ukuta wa jiwe. Mzee akakanyaga. Sikuwa na hata nafasi ya kusali.

Gari likasimama. Limenyooka, halikuvuta huku wala kule, likainama pua kidogo kama mtu anayesalimia, likatulia. Vumbi letu wenyewe likatupita. Yule mchungaji akatutazama mara moja tu, akaendelea na ng’ombe wake.

Niliona shingo ya mzee inalegea, mabega yanashuka, akatoa pumzi ndefu ambayo nadhani aliibeba tangu kwenye mbaazi. Na mimi nikagundua nimelikumbatia jiwe.

“Mbona tumesimama?” akauliza Bibi Martina.

“Ng’ombe, mama.”

“Si wapite? Breki tunazo.”

Tukafika Mang’ola jua likiwa kali, harufu ya vitunguu imejaa hewani. Bibi Fausta alikuwa ameketi kivulini kwenye mkeka, amekonda, khanga imemfunika mabega. Alilitazama gari mpaka likazimwa. Hakuinuka.

“Ulisema utakuja baada ya mavuno,” akasema.

Bibi Martina akatoa kichwa dirishani. “Sikusema mavuno gani.”

Bibi Fausta akaanza kucheka, au kulia, sikuweza kujua. Tukakimbilia kumshusha Bibi Martina, lakini mguu ulikuwa umekaza kwa safari, haukutaka. Tulipokuwa tunahangaika, Bibi Fausta akajiinua mwenyewe, akaja akishika ukuta, kisha akishika mlango wa gari, akatusukuma kando. Akazunguka, akaingia upande wa dereva, akaketi nyuma ya usukani, akaegemea bega la dada yake.

“Tuacheni,” akasema.

Nikapiga magoti, nikagusa ngoma ya kushoto kwa nyuma ya vidole. Nikaenda nikagusa ya kulia. Moto uleule. Nikamwonyesha mzee kwa kichwa, naye akaja akagusa moja, akagusa nyingine, akanitikisia kichwa. Tulikwenda kuketi juu ya magunia ya vitunguu, tukapewa maji, tukanywa. Mle ndani milango ilikuwa wazi, wale wakongwe wanaongea wote wawili kwa pamoja, Kiiraqw na Kiswahili vimechanganyika, na kila wakicheka gari lote linapanda na kushuka.

Mzee Tluway akalitazama.

“Elizabeti,” akasema, “springi hatukuziangalia.”